Taa Imewaka, Je, Elimu Imepatikana?

Hapana shaka kwamba vijana wengi wa zama hizi wamevutiwa na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Tangu bodi ya Arduino ilipobuniwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasio mafundi wa umeme, mlango wa elimu hii umefunguka kwa watu wengi. Hilo ni jambo la kupongezwa.

Lakini yasikitisha kuona wengi wakiishia kizingitini. Mwanafunzi hunakili programu ya mwingine, huunganisha nyaya kwa kufuata picha, taa huwaka, naye hudhani amekuwa fundi. Mwulize kwa nini pametiwa rezista, hana jibu.

Jibu lenyewe si gumu. Pini ya Arduino Uno hutoa volti 5. Taa nyekundu ya LED hutumia takriban volti 2, zikabaki 3. Kwa kanuni ya Ohm, volti 3 zikigawanywa kwa omu 220 hutoa mkondo wa takriban miliampia 14. Pini hiyo yafaa isibebeshwe zaidi ya miliampia 20, na 40 ndio ukomo wake. Basi anayeondoa rezista huhatarisha taa na bodi pia. Na anayeijua hesabu hii atatambua mwenyewe kwamba mota haiendeshwi na pini moja kwa moja, bali kwa msaada wa transista.

Wako wasemao kwamba hesabu humchosha anayeanza. Hoja yao ina ukweli. Taa na iwake kwanza. Lakini kabla ya mradi wa pili, mwalimu amtake mwanafunzi abadili rezista iwe ya omu 1,000, atabiri kitakachotokea, kisha atazame. Mkondo utashuka hadi takriban miliampia 3, na mwanga utafifia. Hapo ndipo kujua kunapoanza. Na umeme wa nyumbani asiuguse kabisa mpaka awe na msimamizi mjuzi.

Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, hakutosheka kuonyesha maajabu; alieleza namna ya kuyaunda. Nasi tuwadai vijana wetu maelezo, si taa tu.