Eti "Gemu Tu"?

Kuna watu wakisikia neno gemu wanakunja uso. Eti ni mambo ya watoto, hayafai kuandikiwa insha mbele ya wasomaji wa riwaya. Wengine wanakwenda mbali zaidi: eti gemu inayokuweka upande wa dhalimu inaharibu akili. Mimi nasema wote wamekosea, na shahidi wangu ni mzee wa mwaka 1994, Star Wars: TIE Fighter.

Mwaka 1993 LucasArts walitoa X-Wing. Humo wewe ni mwasi: una ngao, una haki, roho yako imetulia. Mwaka uliofuata Lawrence Holland na Edward Kilham, watungaji walewale, wakakuhamisha upande. Sasa wewe ni rubani wa Dola. Na hakuna anayekwambia kwamba unatumikia uovu, hata kidogo. Unaambiwa unaleta amani na utulivu. Unapelekwa Sepan, ambako watu wa Ripoblus na wa Dimok wanapigana wao kwa wao, ukawatulize kwa mizinga. Jamani, wimbo huu sisi hatuujui? Amani iliyoshuka pwani kwetu na bunduki begani ilisema maneno hayohayo.

Sasa tazama chombo chenyewe. TIE ya kawaida haina ngao. Ukipigwa mara chache, kwisha habari yako. Kazi yako ni kugawa nguvu: ukiongeza kwenye leza, mwendo unapungua, ukitaka mwendo, leza zinachelewa kujaa. Hakuna hotuba inayokueleza kwamba Dola inakuona wewe ni kitu cha bei rahisi. Unalijua hilo kwa vidole, kila unapokata kona kukwepa moto. Riwaya ingenieleza jambo hilo vizuri sana, lakini isingenitoa jasho.

Halafu kuna yule mtu wa joho, amejifunika uso. Ofisa amekwisha kukupa amri. Huyu anakupa nyingine, za siri. Kagua kontena lile. Chunguza meli ile. Ukitii unapanda daraja na kuchorwa alama mkononi. Nakiri: nilitii, tena kwa furaha, na niliionea fahari ile alama. Baadaye maadmirali Harkov na Zaarin wanaasi, nami nawapiga risasi watu waliokuwa wenzangu. Amani niliyoahidiwa iko wapi?

Mtanijibu kwamba gemu yenyewe haimkemei mchezaji. Kweli, haimkemei. Inampa nishani, na asiyefikiri ataondoka na nishani yake tu. Lakini hata riwaya inayosimuliwa na muuaji ina msomaji wa namna hiyo, na bado hatujazichoma riwaya. Tumeweka wahakiki.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Vijana wanacheza, tupende tusipende. Sisi tuliofundishwa kuuliza nani anasimulia, na kwa faida ya nani, tukiona aibu kuuliza hayo mbele ya kioo cha kompyuta, basi tumewaachia mafunzo yale yule mtu wa joho.

Anayekunja uso akae kwanza kwenye kile chombo kisicho na ngao, afike Sepan. Akirudi mzima, tutaongea.