Mpagazi wa Kilimanjaro na safari ya siku tano

Mhariri,

Ajira ya wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, yaani wabeba mizigo ya watalii ambao Moshi huitwa wagumu, hufuata misimu miwili ya ukavu, Juni hadi Oktoba na Desemba hadi mapema Machi, na masika yanapoanza wengi hurudi shambani wakisubiri kuitwa tena. Kwenye geti la kupandia mlima, furushi la kila mmoja hupimwa kwenye mizani lisizidi kilo 20, lakini masharti ya kazi yake mara nyingi hubaki ya mdomo tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi, yakiwemo saa na ujira, ila inamwacha nje anayemfanyia mwajiri mmoja kazi chini ya siku 6 kwa mwezi; na safari ya njia ya Marangu huweza kumalizika kwa siku 5, hivyo mpagazi anayepata safari moja tu kwa mwezi anaweza kuachwa nje. Anayefikisha mzigo kambi ya Kibo, juu ya mita 4,700, anastahili karatasi ya maelezo hayo kabla hajavuka geti, na kampuni za utalii zinaweza kuitoa msimu huu bila kungoja sheria irekebishwe.

Msomaji,
Moshi