Mishiri Hupimwa, Mpiga Dawa Je?



Wako watakaouliza, watu wa reli wana shauri gani na mishiri? Jawabu ni fupi. Hapa Kiganjo, Karatina, Naro Moru na Nanyuki, wake zetu na ndugu zetu wengi hufanya kibarua katika mashamba na mabanda ya mboga za kupelekwa ng'ambo. Mshahara wa reli peke yake hautoshi, na fedha ya mishiri husaidia kulipa karo. Basi sheria ya Ulaya juu ya sumu katika mboga ni jambo letu pia.

Kwanza tueleze sheria yenyewe. Sheria ya Ulaya nambari 396 ya mwaka 2005 iliweka kiasi cha mabaki ya dawa kinachoruhusiwa katika vyakula. Dawa isiyowekewa kiasi chake hupewa miligramu 0.01 tu kwa kila kilo. Maana yake ni gramu 1 ya dawa katika tani 100 za mishiri. Sisi tunaoshughulika na mabehewa twajua tani 100 ni mzigo wa namna gani! Mwaka 2012 mishiri ya Kenya ilikutwa Ulaya na mabaki yaliyopita kiasi, hasa ya dawa iitwayo daimethoeti. Tangu Januari 2013, katika kila mizigo 10 ya mishiri na njegere za maganda kutoka kwetu, mmoja ulipimwa mpakani, kwa gharama ya mwenye mzigo. Gharama hiyo ilishuka mpaka kwa mkulima, na wakulima wadogo wengi walishindwa wakaacha.

Hatusemi kwamba sheria hiyo ni mbaya. Mlaji ana haki ya kula chakula kisicho na sumu. Lakini twawaomba mtazame jambo moja. Kinachopimwa mpakani ni mishiri. Mikono na mapafu ya mpiga dawa hayapimwi. Mkulima aweza kutimiza sheria kwa kungoja zile siku zilizoandikwa juu ya chupa kabla ya kuchuma. Dawa hupungua, mboga hupita. Lakini kibarua aliyebeba pampu mgongoni bila glavu wala barakoa alikwisha kuivuta sumu siku ya kwanza. Ni kweli wanunuzi wengine huleta wakaguzi wa kuuliza habari za glavu. Lakini mkaguzi huja siku moja, na pampu hubebwa mwaka mzima.

Tena daimethoeti hiyohiyo Ulaya waliinyima ruhusa kwao mwaka 2019, na klopirifosi mwaka 2020. Hata hivyo sheria zao ziliruhusu viwanda kutengeneza dawa zilizokatazwa huko na kuziuza nchi nyingine, mradi nchi hizo zipewe taarifa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ufaransa ilianza kukataza biashara hiyo mwaka 2022, nayo yafaa kusifiwa. Hapa kwetu, Juni 2025, Waziri wa Kilimo Mutahi Kagwe alitangaza kwamba dawa 77 zimeondolewa sokoni na nyingine 202 zimewekewa mipaka. Twashukuru. Lakini tangazo la Nairobi halimvishi glavu kibarua wa Timau.

Yatupasa kufanya nini? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Pia yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa aripoti kwa msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi mahali pale mpaka hatari iondolewe. Wengi hawajui maneno haya. Basi twataka mambo matatu.

Kwanza, kila maafikiano kati ya chama na mwajiri yaandike glavu, barakoa, maji ya kuoga na uchunguzi wa daktari kwa wapiga dawa, bila kukata senti katika mshahara.

Pili, jina la dawa na siku za kukaa mbali na shamba zibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali.

Tatu, mboga ya soko la Karatina ipimwe kama ile ya Ulaya. Mtoto wa Nyeri hana tumbo la chuma.

Sisi wa reli tuanze nyumbani kwetu. Dawa ya kuua magugu njiani ni ndugu ya dawa ya shambani, na mtu wa genge asiishike kabla ya kupewa glavu na kuelezwa ni dawa gani. Kisha tushikane na wenzetu wa chama cha mashambani. Vibarua wao ndio wake zetu na dada zetu. Tukiwaacha peke yao tumejiacha wenyewe.

Umoja ni nguvu.