Ukitaka kupima raha ya Liuli, tazama mwezi kwanza

KANDO YA ZIWA, na Yustina Ndimbo

Linasomewa. Naanza na jibu kwa sababu swali lenyewe nimelisikia mno msimu huu wa udahili. Huku mwambao wa Ziwa Nyasa, Lituhi nimelisikia, Mbamba Bay nimelisikia, na juzi nimelikuta Liuli: hivi kuishi vizuri nako kunasomewa chuo kikuu? Anayeuliza huwa ni mzazi, au mjomba anayetegemewa kwa ada. Anayeulizwa ni binti au kijana aliyemaliza kidato cha sita, simu mkononi, anahangaika kutafuta pa kusimama mtandao ushike. Amesema anataka saikolojia. Tena si ile ya kutibu wagonjwa, bali ya ustawi: kwa nini watu wengine huridhika na maisha yao na wengine hawaridhiki. Nyumba nzima inamtazama kana kwamba kaomba ada ya kujifunza kulala.

Linasomewa, na linasomewa hata na watu ambao usingedhani wana shida nalo. Mwaka 2018 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mhadhiri Laurie Santos alifungua somo la saikolojia na maisha mema. Walijiandikisha wanafunzi wapatao 1,200, karibu robo ya wanafunzi wote wa shahada ya kwanza chuoni pale, na hadi wakati ule Yale haikuwahi kuwa na somo lililojaza watu kiasi hicho. Hawa ni vijana waliokwisha kupata kile ambacho sisi huku tunawaambia watoto kwamba wakikipata watatulia.

Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1998, Martin Seligman alikuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Hoja yake kwa wenzake ilikuwa kwamba taaluma yao imezama mno kwenye maradhi na kusahau kuuliza mtu asiyeumwa huishije vizuri. Ed Diener alikwisha kutangulia: mwaka 1985 yeye na wenzake walichapisha dodoso la sentensi tano tu. Kila sentensi unaipa namba kuanzia 1 hadi 7 kwa kadiri unavyokubaliana nayo, unajumlisha, basi, umepimwa.

Kwetu Tanzania saikolojia iliingia chuoni kwa mlango wa ualimu. Mlimani imekaa kwenye elimu, na Mlimani na Dodoma kote kuna shahada ya elimu katika saikolojia. Muhimbili wanatoa shahada ya uzamili kwa wanaotaka kutibu. Ndiyo maana ukitaja mwanasaikolojia, watu humfikiria mwalimu wa ushauri nasaha au mtu wa hospitali. Sina ugomvi na mlango huo. Nina ugomvi na vifaa, maana anayeingia kusoma ustawi hukabidhiwa dodoso lililotungwa mbali, akalitafsiri, akaligawa, akarudi na namba.

Namba hizo tumezionja. Ripoti ya Furaha Duniani, iliyoanza kutoka mwaka 2012, iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 156 mwaka 2018. Mwaka uliofuata tukabaki palepale, 153. Swali linalozaa namba hiyo ni la Hadley Cantril wa Marekani, la mwaka 1965. Fikiria ngazi, anasema. Kipandio cha juu, 10, ni maisha bora kabisa unayoweza kuwa nayo. Chini kabisa, 0, ni mabaya kabisa. Kwa sasa unajiona umesimama kipandio cha ngapi?

Nililipeleka swali hilo mchangani, Liuli, kwa mama mmoja aliyekuwa anageuza usipa juu ya chanja. Nilimwamkia, akaitika, kazi hakuiacha. Alipitisha kiganja chini ya dagaa, akawapindua kwa mkupuo mmoja, akamfukuza kunguru aliyekuwa ananyemelea upande wa pili, ndipo akaniuliza, “Ngazi ya leo au ya wiki ijayo?”

Nikamwambia ya leo.

“Leo saba. Wiki ijayo mwezi utakuwa mkubwa. Njoo uniulize tena, mwanangu, nitakuambia tatu.”

Msomaji wa Dodoma huenda asielewe. Usipa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na za sola. Samaki hufuata mwanga, hukusanyika chini ya mtumbwi, wavu hufanya kazi yake. Mwezi ukipevuka ziwa zima lina taa, na ya kwako hakuna samaki atakayeihangaikia. Siku hizo mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, na dukani daftari la mkopo hufunguliwa. Upepo wa mwera nao ukivuma, hata giza halikusaidii. Nyumba ya mvuvi ina siku za kula na siku za kukopa, na zinakuja kwa zamu ambayo kila mtoto wa Liuli anaijua kabla hajajua kuandika jina lake.

Sasa mlete mtafiti kutoka chuoni. Ana siku tatu, ana gari la kukodi, ana madodoso. Kafika mwezi ukiwa mpevu, katengeneza wastani, kaandika kwamba wakazi wa mwambao hawaridhiki na maisha. Angefika wakati wa giza angeandika kinyume chake. Na mara zote mbili angekuwa ameandika alichoambiwa.

Najua wataalamu watanijibu. Mwaka 1983 Norbert Schwarz na Gerald Clore waliwapigia watu simu siku za jua na siku za mvua, wakaona wanaoulizwa siku ya jua husifu zaidi maisha yao. Jambo hilo likafundishwa miaka mingi. Halafu mwaka 2013 Richard Lucas na mwenzake wakachambua majibu ya Wamarekani zaidi ya milioni moja na kukuta hali ya hewa haina athari ya maana. Sawa. Lakini mwezi wa Liuli si hali ya hewa. Mwezi wa Liuli ni mshahara.

Na kwa hili ushahidi upo. Mwaka huohuo wa 2013, jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Watafiti hawakulinganisha tajiri na maskini. Walimpima mkulima yuleyule mara mbili: kabla ya mavuno, akiwa amebanwa, na baada ya mavuno, akiwa amelipwa. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Kichwa ni kilekile. Kilichobadilika ni mfuko. Panda kutoka ziwani hadi milima ya Mbinga, kwenye kahawa, utaukuta mfano huo nyumba kwa nyumba. Mmatengo wa Februari, ghala limekauka na ada inadaiwa, si Mmatengo wa Septemba anayesubiri malipo ya chama cha msingi.

Kwa hiyo kijana wa Liuli anayetaka kusoma ustawi ana kitu ambacho vyuo vikubwa vya dunia vingekilipia: mahali ambapo kipato cha watu walewale hupanda na kushuka kila mwezi, kwa kalenda inayoonekana angani. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walikumbusha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Mvuvi wa usipa hakuwemo.

Watafiti waliojaribu kutoka nje ya mduara huo walikuta mengine. Mwaka 2005 Robert Biswas-Diener na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha Wamaasai wa Kenya, na Wamaasai wale, pamoja na ufukara wao wa fedha, walionekana kuridhika na maisha yao. Ngazi inatuweka mkiani, kipimo kingine kinamkuta Mmaasai ameridhika. Sioni kama mmoja kati yao amedanganya. Ukimwonyesha mtu ngazi, anafikiria mali na nani yuko juu yake. Ukimuuliza chakula, familia na marafiki kimojakimoja, anafikiria vingine.

Liuli inajua mambo ya wageni kupima kwa macho yao. Wajerumani walifika, wakaona jiwe letu pale bandarini, wakakumbuka sanamu ya Misri, wakapaita Sphinxhafen. Jina hilo ndilo liko kwenye vitabu vya vita, maana Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Jiwe halijawahi kuwa la Misri.

Ila nisije nikaonekana nasema kila cha kwetu ni dawa. Wamatengo walikuwa na sengu: wanaume wa ukoo wanakula pamoja, mzee yupo, ugomvi unasuluhishwa, vijana wanafundwa. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Chuo Kikuu cha Sokoine na Wajapani walipofanya mradi wa maendeleo Mbinga, walilichukua jina hilo kwa kamati za vijiji, na walifanya vizuri kuuliza watu hukaaje kabla ya kuwaletea mpango. Lakini chakula cha sengu kilipikwa na wanawake waliokuwa nje ya kikao. Atakayepima ustawi kwa kukaa na wazee pekee atapata nusu ya jibu, ile nusu iliyoshiba.

Inabaki ajira, maana najua mjomba bado anasubiri. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda wa Zimbabwe, nchi yenye madaktari wachache sana wa aina yake, alianza kuwafundisha bibi wa mtaani Harare kukaa benchini na mtu aliyelemewa na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani: waliohudumiwa na bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango ule umefika Malawi, ng'ambo ya ziwa letu, na umefika Zanzibar. Mabenchi hayo yanahitaji watu wa kufundisha, kusimamia na kupima. Mwambao wetu haujawa na hata moja.

Mjomba, muache binti ajaze fomu. Nanyi wahadhiri, akija kuomba idhini ya utafiti wa mwaka wa tatu, msimpe siku tatu. Mpeni mwezi mzima, na mumtake aulize swali lake mara mbili.