DIGRII YAKO NA KAHAWA YA MZEE



Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa, leo nasema na wenye digrii. Mtaniwia radhi, sitapaka mafuta.

Kahawa ipo kwenye maua na butura imeanza. Mzee ana mgonjwa, au ada ya mjukuu imemkaba, anauza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Hilo tunalijua tangu zamani. Siku hizi anayemwandikia karatasi ni kijana wetu aliyetoka chuo kikuu. Mkataba umenyooka, mashahidi wapo, mzee anatia dole gumba.

Na sisi tunamsogeza safu ya mbele, tunamwita msomi!

Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajadhihirika kufaa. Ni hadithi ya Ibn Umar, iko kwa Bukhari na Muslim, na katazo linamhusu muuzaji na mnunuzi wote wawili. Mzee pengine hajui. Wewe uliyesoma uhasibu unajua mpaka senti utakayovuna mnadani. Udhuru wako uko wapi?

Wapo wanaosema, "Sheikh, ndiyo maana tusiwasomeshe, chuo kinaharibu." Maneno gani hayo? Butura ilikuwepo kabla ya hivyo vyuo. Waislamu tumefungua chuo kikuu chetu Morogoro mwaka 2005 kwa kuwa tunataka wasomi zaidi.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza asilimia 20. Alikuwa mkali, lakini namwelewa: aliyewasomesha ni mkulima. Leo Bodi ya Mikopo inakukata mshahara. Ukiimaliza, usidhani umemalizana na mzee.

Walimu wa vyuo nao wasijitoe. Mtu akae miaka mitatu asiulizwe hata mara moja hesabu zake zitamuumiza nani?

Mkutano wa chama cha msingi ukiitishwa, wenye digrii hamuonekani. Taarifa inasomwa mbiombio, wazee wanapiga makofi. Nendeni mkakae. Ombeni ripoti ya ukaguzi, ulizeni makato ya kila kilo, mumfafanulie mzee kwa Kinyambo mpaka aelewe.

Na Ijumaa baada ya swala tubaki kidogo. Tuanzishe mfuko wa qardh hasan, mkopo usio na riba, mwenye mgonjwa asiuze maua. Anayejua kutunza daftari aje na kalamu.