Aliyebadili jinsia akiomba ubatizo, paroko amjibu nini? Vatican ilishajibu

Hebu fikiria. Jumapili, misa imekwisha, watu wako nje wanasalimiana. Mtu mmoja anamfuata paroko na kumwambia anataka kubatizwa. Alizaliwa mvulana, sasa anaishi kama mwanamke, ametumia homoni na amefanyiwa upasuaji. Padri amjibuje?

Swali hili si la kubuni. Julai 2023, Askofu José Negri wa Jimbo la Santo Amaro nchini Brazil aliiandikia Vatican maswali sita, na hili lilikuwa mojawapo. Jibu lilitangazwa Novemba mwaka huohuo, likiwa limesainiwa na Kardinali Víctor Manuel Fernández wa Baraza la Mafundisho Tanzu ya Kanisa na kuidhinishwa na Papa Francis.

Jibu lenyewe ni ndiyo. Anaweza kubatizwa, hata kama alishatumia homoni na kupasuliwa, ilimradi isiwe kikwazo hadharani au kuwachanganya waamini. Anaweza kuwa shahidi wa ndoa. Anaweza hata kuwa msimamizi wa ubatizo, ila hapo masharti yanaongezeka, kwa sababu usimamizi si haki ya mtu, na paroko anatakiwa apime kwanza.

Sasa hapa wengi huchanganya mambo. Desemba 2023 Vatican ilitoa tamko jingine kabisa, lile la kuruhusu mapadri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kupitia Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, wakasema baraka hizo haziwezi kutolewa Afrika bila kuwakwaza watu. Ukigusia habari ya waliobadili jinsia leo, hukosi mtu wa kukukata: "Hayo Afrika tulishakataa." Kilichokataliwa ni zile baraka. Jibu la ubatizo halikuguswa, na linamhusu paroko wa Moshi au Kisumu sawasawa na wa Brazil.

Halafu Aprili 2024 likatoka tamko la Dignitas Infinita. Humo Vatican ikasema upasuaji wa kubadili jinsia unaweza kutishia hadhi ambayo mtu amepewa tangu kutungwa mimba. Waliozaliwa na maumbile tata ya uzazi wakiwekwa kando: hao kutibiwa si kubadili jinsia. (Tofauti hiyo tuishike, maana huku kwetu huntha na aliyebadili jinsia huwekwa kapu moja. Kenya iliwahesabu watu wenye jinsia tata kwenye sensa ya 2019 na kupata 1,524. Hao hawakuchagua lolote.)

Kwa hiyo Roma ilijipinga ndani ya miezi mitano? Sidhani. Novemba ilijibu kama mtu huyu aingie mlangoni. Aprili ilisema inaonaje alichoufanyia mwili wake. Ni maswali mawili, na unaweza kuwa mkali kabisa kwenye la pili bila kumfungia mtu mlango kwenye la kwanza. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukishajibu la pili tunadhani tumemaliza.

Na Biblia? Kumbukumbu la Torati sura ya 23 iliwazuia wanaume waliohasiwa wasiingie kwenye kusanyiko la Bwana. Lakini kwenye Matendo sura ya 8, Filipo anakutana na towashi wa Ethiopia njiani, wanafika penye maji, anambatiza hapohapo. Najua, towashi hakuwa amebadili jinsia, na anayetumia kisa hiki kuhalalisha kila kitu anakivuta mno. Ila kinaonyesha kwamba mwili uliokatwa haukumzuia kubatizwa.

Kisa cha karibu zaidi na sisi kiko Torvaianica, mji wa pwani kusini mwa Roma. Mwaka 2020 Italia ilipofungwa kwa sababu ya korona, wanawake waliobadili jinsia, wengi wao kutoka Amerika ya Kusini na wakiishi kwa kuuza miili, walikosa hata chakula. Wakaenda parokiani. Paroko wao, Padri Andrea Conocchia, hakuanza na mahubiri. Alianza na chakula, kisha akatafuta msaada zaidi, na Kardinali Konrad Krajewski, aliyesimamia sadaka za Papa, akautuma. Baadaye wakaenda Vatican kupata chanjo. Novemba 2023 baadhi yao walikuwa ukumbini Vatican, wakila chakula cha mchana pamoja na Papa na maskini wengine zaidi ya elfu moja.

Mafundisho hayakubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kwamba paroko alijua majina yao.

Mimi linalonisumbua ni lile sharti la kikwazo. Linaonekana dogo, kumbe ndilo linaloamua kila kitu. Kama paroko anatakiwa aangalie waamini watakwazika au la, basi ubatizo wa mtu huyu unategemea sisi. Nasi tunakwazika kwa kuchagua. Mzee mwenye nyumba ndogo inayojulikana mtaa mzima hukaa benchi la mbele, tena ndiye mweka hazina wa ujenzi. Hakuna anayetoka nje.

Wenzetu Marekani wanagombana kuhusu kumwita mtu "yeye" wa kike au wa kiume. Kiswahili kimetuepusha na ugomvi huo, "yeye" ni mmoja tu. Lakini mlangoni utamkaribisha kaka au dada? Akina mama wa WAWATA watamweka wapi? Paroko anayedhani maswali haya ni ya kipuuzi atashangaa siku yatakapomvunjia parokia.

Na kwenye parokia nyingi paroko hataamua peke yake. Mtu mzima anayetaka kubatizwa anasoma mafundisho muda mrefu, na mara nyingi anaulizwa: jumuiya yako ipi, mwenyekiti anakufahamu? Jumuiya ndogondogo husali nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu yake ikifika, nani ataenda kukaa sebuleni kwake?