Msimlaumu mpishi, mgonjwa wa saratani hakondi kwa njaa tu

Msomaji uishiye Mombasa au Nairobi, huenda siku moja ukarudi kwenu Ronge ukamkuta mzee amebaki mifupa na ngozi. Hapo utasikia mengi. Wapo watakaosema amerogwa, wengine watanong'ona kuwa ana Ukimwi. Na wapo, hasa mawifi, watakaodai mkewe hampikii.

Mama huyo aachwe! Ikiwa mzee alianza kukwamwa na kimanga na sasa hata uji haupiti vyema, kuna sababu ya kushuku saratani ya umio, mojawapo ya saratani zinazoua watu wengi zaidi humu nchini.

Ni kweli kwamba njia ya chakula ikizibwa, mtu hukonda. Lakini mwili wenye njaa tupu huchoma mafuta kwanza, ukijaribu kuihifadhi misuli. Mwili wenye saratani ya umio au ya tumbo hula vyote kwa pamoja. Ndiyo maana mgonjwa aweza kulishwa kwa mpira na bado mapaja yakazidi kunywea. Waganga huiita hali hii kakeksia.

Siri yake ilianza kufichuka kupitia maradhi ambayo wafugaji wanayajua sana: nagana, iletwayo na mbung'o. Mtafiti Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, Marekani, alitaka kujua kwa nini wanyama hudhoofika hadi kufa ilhali vimelea damuni ni vichache. Yeye na wenzake waliipata protini wakaiita kakektini, na mwaka 1985 wakatangaza kuwa ndiyo ile ile TNF, silaha ya kinga ya mwili. Askari wa nyumbani ndiye abomoaye nyumba.

Katika saratani, TNF na mwenzake intalukini-6 huchochea vimeng'enya viwili ndani ya misuli, MuRF1 na atrogini-1, vilivyotambuliwa mwaka 2001. Kazi yao ni kuzitia protini za misuli alama iitwayo ubikuitini. Protini iliyotiwa alama hupelekwa kwenye proteasomu, kinu cha seli, ikasagwa. Wakati huo huo homoni GDF-15 hupeleka ishara ubongoni na kuua hamu ya chakula. Sasa kumgombeza mgonjwa kwa nini hali ni kumwonea. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi, vitu laini vyenye nguvu: maziwa, mayai, maharagwe yaliyopondwa.

Linaloniudhi mimi ni habari ya mizani. Mwaka 2011 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kuwa kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito kwa miezi 6, bila kukusudia, ni dalili ya kakeksia. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 3 tu! Mizani haikosi zahanati. Lakini nimeona kadi zilizoandikwa uzito kila mwezi, ukishuka na kushuka, na hakuna aliyeuliza neno.

Wala si kweli kwamba hakuna la kufanya. Japani iliidhinisha dawa ya anamorelini mwaka 2021, ikiwamo kwa saratani ya tumbo. Hiyo ni ya ng'ambo. Linalotuhusu zaidi ni utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2023, kwa wagonjwa 124 wa saratani za tumbo, ini, kongosho na mapafu waliokuwa wakitibiwa kwa kemikali. Waliopewa olanzapini kidogo, miligramu 2.5 kwa siku, asilimia 60 waliongeza uzito kwa zaidi ya asilimia 5. Kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 9. Olanzapini ni dawa ya zamani ya maradhi ya akili, na si ghali. Usiinunue mwenyewe dukani, lakini mbona usimuulize daktari?

Saratani yenyewe isisahauliwe. Mzee apelekwe penye kipimo cha endoskopia, hata ikibidi kuteremka Mwatate, Voi, kisha kilomita zipatazo 150 hadi Mombasa. Umio ukiwa umeziba, uliza kuhusu stenti, kibomba cha waya kiwekwacho ili chakula kipite. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imewawekea wengi. Na ile kadi ya uzito ichukueni pia.